Wuzhen, mji uliolishwa na kiwavi

Usiku wa tarehe 15 ya mwezi wa kwanza kwa kalenda ya Kichina, taa za karatasi zikiwa zimeangikwa milangoni, wanawake wa Wuzhen walitoka kwa makundi kwenda kuvuka madaraja. Masharti yalikuwa mawili: madaraja yasipungue kumi, na lililokwisha kuvukwa lisirudiwe. Katika mji uliokatwakatwa na maji, hapo ilibidi mtu apige hesabu ya njia kabla hajatoka nyumbani. Wengi walibeba chungu cha udongo, kile kile kilichochemshiwa dawa za mitishamba mwaka mzima wa homa na kikohozi. Wakifika juu ya daraja wanakitupa mtoni, na maradhi ya mwaka uliopita yanahesabiwa kuwa yamekwenda nacho.

Wuzhen iko kaskazini mwa mkoa wa Zhejiang, katika pembetatu ya Shanghai, Suzhou na Hangzhou, kwenye tambarare ya kusini mwa mto Yangtze ambayo Wachina huiita Jiangnan. Nchi ile ni bapa na chepechepe. Mito, mifereji na maziwa havihesabiki, na kwa karne nyingi barabara ya kweli ilikuwa maji. Jina la mji limo katika maandishi ya jiwe la mwaka 872, zama za utawala wa Tang. Kwa muda mrefu ilikuwa miji miwili inayotazamana: Wu ng'ambo ya magharibi, Qing ng'ambo ya mashariki, kila mmoja na serikali yake, mto ukiwa mpaka. Iliunganishwa mwaka 1950. Pembeni unapita Mfereji Mkuu, ile njia ya maji iliyopeleka nafaka na hariri za kusini hadi Beijing, na ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2014.

Nyumba za Wuzhen zinaonyesha jinsi watu walivyolitegemea lile maji. Mbele ni duka na kichochoro cha mawe. Nyuma ni mto. Nafasi ilipokuwa finyu, mwenye nyumba alikita nguzo za mbao au za mawe kwenye kitanda cha mto, akajenga chumba kizima kikining'inia juu ya maji, na madirisha pande tatu. Aliyetaka maji aliteremsha ndoo kwa kamba. Usiku mtu alilala akisikia makasia yakipita chini ya kitanda chake. Upande wa magharibi yapo madaraja mawili ya mawe, Tongji na Renji, yaliyojengwa kwa pembe hivi kwamba anayechungulia chini ya tao la moja huliona lenzake ndani yake. Wapiga picha hawaondoki hapo.

Uani kwa watengeneza vitambaa kuna milingoti mirefu, na kwenye milingoti vinaanikwa vitambaa vya pamba vya buluu na nyeupe. Fundi hulaza karatasi ngumu iliyopakwa mafuta na kutobolewa maua, akapaka juu yake uji mzito wa unga wa soya na chokaa. Uji ukikauka, kitambaa huchovywa kwenye pipa la nili, kikatolewa kipate hewa, kikachovywa tena mara kadhaa mpaka rangi ikolee. Mwisho anaukwangua ule ugando kwa kisu, na palipofunikwa panabaki peupe. Shuka za maharusi, aproni za jikoni na mbeleko za watoto, zote zilitokana na kazi hii.

Lakini fedha haikutoka kwenye pamba. Ilitoka kwa kiwavi.

Kila kijiji kuizunguka Wuzhen kilipanda miforsadi kwenye kingo za mifereji, na kila nyumba ilifuga viwavi wa hariri. Mayai yalikuwa yametagwa kwenye karatasi. Mwezi Aprili, wanawake waliziweka karatasi hizo kifuani, chini ya nguo, mayai yapate joto la mwili na kuanguliwa. Vijidudu vyeusi vilivyotoka vilifagiliwa kwenye ungo kwa unyoya wa bata bukini. Kuanzia hapo hapalaliki. Kiwavi anakula majani usiku na mchana, anajivua ngozi mara nne, na baada ya takriban mwezi mmoja anapanda kwenye matita ya mabua kujisokotea kifukofuko. Wakiwa maelfu chumbani, mlio wao wa kutafuna ni kama mvua juu ya paa. Kifuko kimoja kinaweza kutoa uzi wa karibu kilomita moja.

Na kiwavi ni mnyonge kupindukia. Baridi inamwua, unyevu unamwua, jani lililooza linamwua, na ugonjwa ukiingia chumbani asubuhi, jioni hakuna kitu. Familia iliyokopa fedha ya kununulia majani inaamka na deni tupu. Ukilijua hilo, mila za msimu ule zinaeleweka bila kufafanuliwa. Mwezi wa viwavi milango ilifungwa: hakuna kutembeleana, harusi ziliahirishwa, hata watoza kodi walisubiri. Wengine waliegemeza kitunguu saumu kilichopakwa tope kwenye ukuta wa chumba cha viwavi. Kikichipua sana, mavuno ni mema.

Sherehe kubwa ilitangulia kifungo hicho. Kuanzia Qingming, siku ya kuzuru makaburi inayoangukia Aprili 4 au 5, hadi Guyu, yapata Aprili 20, wakulima waliingia mjini kwa mitumbwi kuchoma ubani na kumwomba mungu wa kike wa viwavi. Hapo ndipo lilipofanyika soko la ubani: mahema ya chai, vibanda vya peremende na midoli, wanasarakasi, wachezesha nyani. Wanawake walichomeka maua ya karatasi nywelani. Kwenye kilima cha Hanshan, si mbali na Wuzhen, kusukumana ilikuwa ndiyo ibada yenyewe. Kadiri watu walivyobanana, ndivyo viwavi wangestawi. Kijana aliyetaka kumkaribia msichana bila kugombezwa na wazee hakuhitaji kisingizio kingine.

Mchezo wa kutazamwa zaidi ulifanyika majini. Mashua mbili zinafungwa ubavu kwa ubavu, katikati unasimikwa mwanzi mrefu. Mtu aliyevaa nyeupe anaupanda hadi kileleni, mwanzi unapinda kwa uzito wake, naye anajining'iniza kwa mguu mmoja, anajikunja, anajinyoosha, anajizungusha juu ya mto. Anaiga kiwavi anayejisokotea kifuko. Hana kamba ya kumshika. Akiteleza, chini ni maji.

Sikukuu nyingine nazo zilikuwa na sababu za karibu. Tarehe 5 ya mwezi wa tano watu waliangika majani yenye harufu kali milangoni kufukuza wadudu na maradhi ya kiangazi, wakala wali wa kunata uliofungwa kwa majani, chakula ambacho mji jirani wa Jiaxing umejipatia jina kwacho China nzima. Tarehe 20 ya mwezi huo huo ilikuwa zamu ya wazima moto. Vikosi vya mitaa vilileta pampu zao kandokando ya mto na kushindana kurusha maji, mengine yametiwa rangi. Watoto walilowa, watu wazima walicheka, na pampu zilipata kujaribiwa. Katika mji wa mbao, nyumba zimegusana kuta, pampu iliyoziba ni msiba wa mtaa mzima.

Wuzhen ilimpata mwandishi wake mapema. Shen Dehong alizaliwa humo mwaka 1896, akajulikana kwa jina la kalamu la Mao Dun, na baadaye akawa waziri wa utamaduni wa Jamhuri ya Watu wa China. Hadithi yake kuhusu viwavi wa majira ya kuchipua, iliyotoka mwaka 1932, inamfuata mzee Tongbao, mkulima anayekopa ili alishe viwavi. Kitunguu saumu chake kinachipua kidogo mno, anahofia. Mavuno yanakuja mazuri kuliko miaka yote. Kisha viwanda vya kusokota vinakutwa vimefungwa kwa sababu ya mapigano yaliyozuka Shanghai, bei inaporomoka, na familia inabaki na deni kubwa kuliko ilivyoanza. Hali hiyo hakuibuni: mdororo wa uchumi duniani na ushindani wa hariri ya Japani vilikuwa vimewakaba wakulima wa Jiangnan. Katika makala aliyoiandika mwaka uliofuata, Mao Dun alisimulia jinsi wenye maduka wa mji wake walivyojaribu kulifufua soko la ubani lililofifia, wakitumai wakulima watakuja kununua. Wakulima hawakuwa na kitu mfukoni.

Baadaye zilikuja barabara, na mji wa mashua ukaachwa pembeni. Umaskini uliofuata, ajabu yake, ndio ulioziokoa nyumba. Miji jirani iliyotajirika kwa viwanda miaka ya 1980 ilibomoa ya kale ikamimina saruji. Profesa Ruan Yisan wa Chuo Kikuu cha Tongji alipambana na viongozi wa Zhouzhuang, mji wa maji wa mkoa jirani wa Jiangsu, ili wasifanye vivyo hivyo. Wuzhen ilifuata mwaka 1999, chini ya Chen Xianghong, mzaliwa wa mji huo. Majengo mapya yaliangushwa, nyaya zikafukiwa ardhini, na mawe ya zamani yakatafutwa yatandikwe vichochoroni. Upande wa mashariki ulifungua milango kwa watalii mwaka 2001, wa magharibi mwaka 2007.

Upande wa magharibi wakazi walihamishwa kwanza. Nyumba zikawa mali ya kampuni, na baadhi yao wakarudi kama waajiriwa, kupokea na kupikia wageni. Mgeni hulipa kiingilio langoni. Tangu 2013 kuna tamasha la michezo ya kuigiza, na tangu 2014 mkutano wa dunia wa intaneti. Kwa usafi na mpangilio, Wuzhen haina mpinzani Jiangnan nzima. Anayetaka kuona bibi akianika nguo dirishani kwake mwenyewe huenda akaridhika zaidi upande wa mashariki.

Soko la ubani nalo limerudi, kila majira ya kuchipua. Maua ya nywelani yapo, ubani upo, na mpanda mwanzi sasa hufanya onyesho kwa ratiba iliyobandikwa gatini. Mwaka 2009 UNESCO iliuingiza ufugaji wa viwavi na ufundi wa hariri wa China katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Viwavi wenyewe, hata hivyo, wamehama kwa sehemu kubwa. Ardhi na vibarua vilipopanda bei mashariki, ufugaji ulisukumwa kusini-magharibi, na tangu mwaka 2005 mkoa unaoongoza kwa vifukofuko nchini China ni Guangxi, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Wuzhen.