Mawakili wa Serikali na Watoto wa Wenyeji wa Kanada

Sisi tufundishao lugha twajua kwamba neno moja laweza kubeba mzigo ambao sentensi nzima haiwezi. Mnamo mwaka 2007, huko Kanada, lilifunguliwa shauri ambalo kwa miaka kadhaa liliegemea neno “huduma”. Mawakili wa Serikali ya Shirikisho walishikilia kwamba serikali, katika kulipia malezi ya watoto wa wenyeji, ilikuwa ikitoa fedha tu. Na kutoa fedha, walisema, si kutoa huduma. Nyuma ya ubishi huo walikuwapo maelfu ya watoto waliokwisha kuondolewa mikononi mwa wazazi wao. Makala hii yakusudia kueleza jinsi mambo yalivyofika hapo, na hasa kuitazama kazi ya mawakili wa serikali, ambao waandishi wa historia aghalabu huwapita kana kwamba ni makarani wanaonakili tu maneno ya mawaziri.

Kwanza yafaa kusema ni akina nani tunaowazungumzia. Vitabu vyetu vya zamani viliwaita “Wahindi Wekundu”, jina lililotokana na kosa la mabaharia wa Ulaya. Wenyewe leo hujitambulisha kwa mataifa yao, na sheria ya Kanada inawagawa katika makundi matatu: Mataifa ya Kwanza, Wainuiti na Wametisi. Katiba ya mwaka 1867 iliwaweka “Wahindi” na ardhi waliyotengewa chini ya Serikali ya Shirikisho, lakini mambo ya familia na ustawi wa watoto yakawa ya majimbo. Hapo ndipo ulipopandwa ugomvi wote uliofuata. Mtoto wa Taifa la Kwanza aishiye katika ardhi iliyotengwa alikuwa wa serikali mbili, na kila moja iliweza kusema kuwa ni wa mwenzake.

Kwa muda mrefu jibu la Serikali ya Shirikisho lilikuwa shule za bweni, zilizoendeshwa pamoja na makanisa. Watoto wapatao 150,000 walipitia humo, wakikatazwa lugha zao, na ya mwisho ilifungwa katika miaka ya tisini. Historia hiyo imeandikwa sana, nami sitaikariri hapa. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba shule hizo zilipoanza kupungua, mlango mwingine ulifunguliwa kwa kifungu cha sheria. Mwaka 1951 Sheria ya Wahindi ilirekebishwa ili sheria za kawaida za majimbo ziwahusu wenyeji pia. Kwa hiyo maafisa wa ustawi wa jamii wa majimbo wakaweza kuingia katika ardhi zilizotengwa. Waliona nyumba ndogo, chakula cha porini, bibi akilea wajukuu, nao wakaandika kuwa mtoto ametelekezwa. Umaskini ukahesabiwa kuwa uzembe wa mzazi. Maelfu wakatolewa wakalelewa au kuasiliwa na familia za Wazungu, wengine hata nje ya nchi. Mwaka 1985 Jaji Edwin Kimelman wa Manitoba, baada ya kuyachunguza majalada ya watoto hao, aliliita jambo hilo mauaji ya utamaduni.

Katika jimbo la Ontario mkataba wa mwaka 1965 baina ya serikali mbili uliweka sharti kwamba jamii za wenyeji zishauriwe kabla ya huduma hizo kupelekwa kwao. Hazikushauriwa. Kesi ilipofunguliwa mwaka 2009 kwa niaba ya watoto wapatao 16,000 wa jimbo hilo, mawakili wa serikali walijitetea, pamoja na mengine, kwa hoja ya ajabu: hata kama wenyeji wangeulizwa, wasingekuwa na ushauri wa maana wa kutoa. Jaji Edward Belobaba, katika hukumu ya Februari 2017, alisema waziwazi kuwa hoja hiyo ni matusi, akaitia serikali hatiani kwa kushindwa kulinda utambulisho wa watoto wale. Najiuliza wakili aliyeiandika hoja ile alifikiri nini kalamu ikiwa mkononi. Huenda hakufikiri lolote ila kwamba mteja hukingwa kwa kila ngao iliyopo. Lakini mteja wake alikuwa serikali, na serikali hiyo ilikuwa na wajibu wa kuwalinda watu wale wale waliosimama upande wa pili.

Na turudi sasa kwenye neno “huduma”. Walalamikaji wa mwaka 2007 walikuwa shirika la kutetea watoto wa Mataifa ya Kwanza, likiongozwa na Cindy Blackstock wa taifa la Gitxsan, pamoja na Baraza la Mataifa ya Kwanza. Walidai kwamba mtoto wa ardhi iliyotengwa hupewa fedha pungufu kuliko mtoto mwingine, na kwamba huo ni ubaguzi. Ubaya haukuwa katika kiasi peke yake, bali katika namna fedha zilivyotolewa. Gharama za mtoto aliyekwisha kuondolewa kwao zililipwa kama zilivyotumika. Fedha za kuisaidia familia ili mtoto asiondolewe zilikuwa na kikomo, na kikomo chenyewe kilikuwa cha chini. Matokeo yake njia rahisi ya kumpatia mtoto msaada ilikuwa kumtoa nyumbani kwao.

Mawakili wa serikali walijenga ngome mbili. Ya kwanza ilikuwa hiyo ya “huduma”. Ya pili ilikuwa neno “kulinganisha”: watoto wa ardhi zilizotengwa hulipiwa na Shirikisho, wengine hulipiwa na majimbo, na ubaguzi, walisema, hauwezi kupimwa baina ya watoaji wawili. Kama hoja hii ingesimama, basi hakuna ambaye angeweza kulalamika kamwe, kwa kuwa Shirikisho halikuwa na watoto wengine wa kulinganishwa nao. Mwaka 2011 Baraza la kuamua mashauri ya haki za binadamu lilikubali hoja hiyo na kulitupa shauri. Mwaka 2012 Mahakama ya Shirikisho ikalirudisha. Wakati huohuo ilibainika kwamba wizara mbili, mojawapo ikiwa Wizara ya Sheria, zilikuwa zikizifuatilia kurasa binafsi za Blackstock mtandaoni, na mwaka 2013 Kamishna wa Faragha alisema kuwa zilivunja sheria.

Wahenga wetu walisema kuwa wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia. Jordan River Anderson, mtoto wa Norway House huko Manitoba, alizaliwa mwaka 1999 akiwa na maradhi mazito. Madaktari walipoona kwamba aweza kutunzwa nje ya hospitali, serikali mbili zilibishana nani alipe. Zilibishana zaidi ya miaka miwili. Jordan alifariki hospitalini mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka mitano, bila kulala nyumbani hata usiku mmoja. Mwaka 2007 Bunge lilipitisha kwa kauli moja kanuni yenye jina lake: mtoto ahudumiwe kwanza, serikali zigombanie malipo baadaye.

Tarehe 26 Januari 2016 Baraza liliamua kwamba serikali imebagua. Kuhusu lile neno, lilikubali kuwa huduma ni huduma hata ikipita katika mfuko wa fedha. Nasi tunaosema “kumhudumia mgonjwa” hatungehitaji miaka tisa kulitambua hilo.

Januari 2019 Mwanasheria Mkuu, Jody Wilson-Raybould, wa watu wa Kwakwaka’wakw na aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka, alitoa mwongozo kwa mawakili wote wa serikali katika kesi za wenyeji: watafute suluhu kabla ya kesi, watumie lugha ya heshima, wala wasikimbilie kudai kuwa muda wa kushtaki umepita pasipo msingi wa haki. Siku chache baadaye aliondolewa katika wadhifa huo. Mwaka huohuo Baraza liliagiza kila mtoto aliyeondolewa isivyo haki alipwe dola 40,000, na mawakili wa serikali wakaenda mahakamani kupinga. Walishindwa mwaka 2021 mbele ya Jaji Paul Favel, ambaye mwenyewe ni wa taifa la Poundmaker Cree. Mwaka 2023 yaliidhinishwa makubaliano ya fidia ya zaidi ya dola bilioni 23.

Lakini haitakuwa haki kuishia hapo. Ofisi hiyohiyo ndiyo iliyotetea sheria ya mwaka 2019 inayotambua kuwa jamii za wenyeji zina haki ya kujitungia sheria za watoto na familia. Jimbo la Quebec liliipinga, na tarehe 9 Februari 2024 Mahakama Kuu kabisa ya Kanada iliamua kwa kauli moja kuwa sheria yote ni halali. Kabla ya hapo, Januari 2021, jamii ya Wabaseemoong huko Ontario ilikuwa imekwisha kuanza kutumia sheria yake. Katika sensa ya mwaka 2021 watoto wa wenyeji walikuwa asilimia 7.7 ya watoto wote wa nchi walio chini ya miaka 15, na asilimia 53.8 ya waliokuwa wakilelewa katika nyumba za watu wengine chini ya mamlaka ya serikali. Sheria ya 2019 haikutaja kiasi cha fedha. Hilo limeachwa lijadiliwe katika mikataba, na mezani watakaa tena mawakili wa serikali.