Somo la Mwaka wa Kwanza na Dhahabu ya Lupa

Mwanafunzi aingiaye chuo kikuu katika nchi yetu, awe amekwenda kusoma sheria, uhandisi au ualimu, hukuta masomo mawili matatu ambayo hakuyaomba. Moja katika hayo ni Taaluma za Maendeleo. Mara nyingi husomeshwa kwa mamia ya watu katika ukumbi mmoja; huandikwa katika daftari, hutahiniwa, na kwa wengi husahauliwa kabla mwaka wa pili haujaanza. Ni wachache wajuao kuwa somo hili lilizaliwa na ugomvi, na kuwa ugomvi huo ulihusu swali zito: kijana aliyesomeshwa kwa jasho la mkulima anadaiwa nini? Katika makala haya nakusudia kueleza asili ya somo hilo, kisha kuonyesha jinsi ambavyo lingeweza kurudishiwa uhai kwa kutazama wilaya moja tu, nayo ni Chunya.

Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwezi wa Oktoba 1961, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiozidi 15, katika jumba la TANU, mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Idadi ikaongezeka, majengo yakapendeza, na pengo kati ya aliyesoma na asiyesoma likaanza kuonekana kwa macho. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana, wengine wamevaa majoho yao, kupinga sheria ya kuwatia katika Jeshi la Kujenga Taifa na kuwakata sehemu kubwa ya mshahara kwa muda wa utumishi huo. Baadhi ya mabango yao yalidiriki kusema kwamba heri ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao wapatao 400. Na siku hiyo hiyo akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi katika waliofukuzwa walipokewa tena baadaye, lakini chuo hakikuwa tena kile cha zamani.

Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Mwezi uliofuata walimu, viongozi na wanafunzi walikutana Mlimani kujadili kazi ya chuo kikuu katika nchi ya kijamaa. Katika mkondo huo ndipo ilipokua Kozi ya Pamoja, ambayo kila mwanafunzi alipaswa kuisoma, hata akiwa mtu wa hesabu au kemia. Nia ilikuwa njema: kumtoa mgeni katika kijisehemu cha elimu yake, apate kuitazama jamii nzima. Walakini wanafunzi wa mrengo wa kushoto, wale wa USARF na jarida lao la Cheche lililoanza mwaka 1969, hawakuridhika. Waliona kuwa ujamaa haufundishwi na mtu asiyeuamini. Cheche lilifungwa mwaka 1970. Kozi yenyewe ikaendelea, na mwaka 1973 ikapata makao katika Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Miaka hiyo Walter Rodney naye alikuwa akifundisha Mlimani, na mwaka 1972 kitabu chake juu ya Ulaya na ufukara wa Afrika kilitoka. Mtu aweza kukipinga kitabu kile, lakini hawezi kusema kilitoka mahali palipolala.

Wala tusidhani kuwa jambo hili ni letu peke yetu. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Columbia kilianzisha mwaka 1919 kozi ya ustaarabu wa sasa kwa wanafunzi wapya wote, nayo ilichipuka katika kozi iliyoeleza sababu za vita. Chuo Kikuu cha South Carolina kilianza yake mwaka 1972, baada ya ghasia za wanafunzi za mwaka 1970. Inaelekea kuwa vyuo hukumbuka kuzungumza na wanafunzi wapya pale vinapotishika. Harvard, iliyoanza semina za mwaka wa kwanza mwaka 1959, ilikwenda kwa njia nyingine: mwalimu mmoja, wanafunzi wachache wanaozunguka meza, na maudhui moja finyu ambayo mwalimu huyo anayajua na kuyapenda.

Sisi tulishika swali, tukaipoteza meza. Sababu kubwa ni idadi, na si haki kumlaumu mhadhiri mwenye wanafunzi 600 na kipaza sauti kibovu. Lakini swali lililotolewa kwa kipaza sauti halijibiwi, hunakiliwa. Maendeleo, utandawazi, ukoloni mamboleo huwa maneno ya kukariri, na kijana aliyetoka Makongolosi hukaa humo ukumbini asijue kwamba maneno hayo yote yamepita mbele ya mlango wa nyumba yao.

Na kweli yamepita. Dhahabu ya mchanga ilionekana katika bonde la Lupa mwaka 1922. Kwa miaka kadhaa haikuvuta watu wengi. Mwaka 1931 Uingereza iliacha kuifunga sarafu yake kwa dhahabu, na mwaka 1934 Marekani ikapandisha bei ya wakia moja kutoka dola 20.67 hadi 35. Hapo ndipo wachimbaji wa Kizungu walipofurika Chunya kwa mamia, na vibarua wa Kiafrika kwa maelfu wakiwafuata. Uamuzi uliofanywa London na Washington ukawatoa vijana wa Unyakyusa, Usafwa, Ubena na Nyasaland vijijini mwao, wakaenda kuchuja mchanga wa mito ambayo hawakuwahi kuisikia. Mji wa Mbeya, ulioanza mwaka 1927, ulikua kwa biashara hiyo. Mgodi wa Saza, ambao leo umo katika wilaya ya Songwe iliyokatwa kutoka Chunya, ulifanya kazi tangu 1939 hadi 1956, kisha ukanyamaza.

Hebu fikiri semina ya wanafunzi 15 juu ya jambo hili moja. Wa uchumi atauliza kwa nini bei ilipanda wakati dunia imo katika dhiki. Wa sheria atauliza nani aliruhusiwa kumiliki kitalu na nani aliishia kuwa kibarua. Wa jiolojia atazungumza juu ya miamba ya kwarzi, na wa afya juu ya zebaki, kwa maana katika mialo ya leo bado wapo wanaoikamata dhahabu kwa zebaki na kuichoma karibu na vyungu vya chakula. Wa isimu ana kazi tamu kuliko wote: duara, karasha, mwalo, marudio, maneno haya yana maana machimboni ambayo kamusi nyingi hazikuyapa. Watu wa makabila mengi waliokutana Lupa walihitaji lugha moja, na Kiswahili kikawapatanisha kabla hakijawa lugha ya taifa.

Hapo pana jambo lingine ambalo semina za kwetu huona haya kulitaja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hunyamaza, na mwalimu hudhani hana mawazo. Anayo, ila Kiingereza chake hakijatosha kuyabeba. Mimi nasomesha Kiswahili na huenda nikashukiwa kuvutia upande wangu, lakini sioni ubaya wowote semina moja ya mwaka wa kwanza ikiendeshwa kwa lugha ambayo mchimbaji anaweza kuialikia hoja. Mwaka 2019 soko la dhahabu lilifunguliwa Chunya, ili mchimbaji mdogo auze kwa mizani na bei inayojulikana. Kijana wa huko anajua mambo ya mizani ile ambayo profesa hayajui. Semina yenye haki itampa nafasi ya kuyasema.

Vikwazo vipo. Semina za watu 15 zataka walimu wengi kuliko tulio nao, na maandishi juu ya Lupa yamo zaidi katika ripoti za kikoloni zilizohifadhiwa mbali na Nyanda za Juu Kusini. Hata hivyo, Mbeya na Iringa sasa zina vyuo vikuu vyake, na kutoka Mbeya hadi Chunya ni kama kilomita 70 za lami, zikipanda mlima kisha zikiteremka. Basi moja la asubuhi lingewafikisha wanafunzi wote 15 kabla soko halijafunguliwa, na kila mmoja akiwa na daftari, angeanza kwa kuwauliza wazee wa mjini ni nani waliotangulia kuchimba mahali hapo, walitoka wapi, na walilipwa nini.