Uadimu wa sarafu za Tabora

Sarafu za Tabora zilitengenezwa mwaka 1916 na serikali ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, Waingereza walipokuwa wamefunga njia ya bahari, hivyo sarafu hazikuweza tena kuletwa kutoka Ujerumani.

Uadimu haupimwi vivyo hivyo kwa sarafu zote. Kwa sarafu za Roma ya kale, hesabu za viwanda vya kupigia sarafu hazikubaki. Uadimu hukadiriwa kwa kulinganisha vielelezo vilivyosalia na mihuri iliyovipiga. Kwa Tabora idadi inajulikana, lakini peke yake hupotosha. Rupia 15 ya dhahabu, yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima, ilipigwa takriban 16,000 tu, kwa dhahabu ya Sekenke. Nyingi zilitunzwa tangu mwanzo, hivyo bado huonekana minadani. Bei yake kubwa hutokana zaidi na wingi wa wanaoitaka kuliko uhaba wenyewe.

Heller 20 ya shaba njano ilipigwa zaidi ya milioni moja, na hapo ndipo jicho la mkusanyaji hupimwa hasa. Taji lililo kwenye sarafu ni kubwa au dogo. Ncha za herufi L katika neno HELLER zimechongoka au zimepinda. Baadhi ya michanganyiko ya alama hizo ni adimu kweli, ingawa aina yenyewe ni ya kawaida. Kipande kisichochakaa ni nadra zaidi, na kukisugua king'ae ni kukiharibu.