Viungo vya mabomba ya vinyunyizio vya moto
Viungo hivi ni elbo, ti na soketi zinazofikisha maji kwenye vichwa vya vinyunyizio darini. Kisii na Nyamira ni nyanda za juu zenye baridi, lakini maji hayagandi, hivyo mabomba ya ghorofani yanaweza kukaa yamejaa mwaka mzima. Kenya ina Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za 2007 kwa mahali pa kazi. Kwa vipimo vya viungo, kigezo mashuhuri ni NFPA 13 cha Marekani. Kiungo kistahimili shinikizo la angalau baa 12.1, na mfumo mpya kwa kawaida hujaribiwa kwa baa 13.8 kwa saa mbili.

Chuma ndicho chaguo la kawaida. Kasoro yake huonekana kwenye hesi: fundi akiikata, zinki iliyopakwa juu ya chuma hutoka, na kutu huanzia hapohapo. Plastiki ya CPVC iliyoidhinishwa kwa kazi ya moto hukubalika kwenye ofisi na vyumba vya kulala, ila mafuta ya kukatia hesi yakiigusa huweza kuipasua. Plastiki ya PPR ya kijani ya bafuni, hata iwe rahisi namna gani, haifai bila idhini hiyo: kioo chekundu cha kinyunyizio hupasuka kwenye nyuzi 68 za Selsiasi, na bomba lazima liwe bado zima.