Stephen Chow: Mchekeshaji wa Hong Kong aliyehamia nyuma ya kamera

KWA miaka mingi utamu kamili wa vichekesho vya Stephen Chow ulibaki kwa wazungumzaji wa Kikantoni. Aliyapindua maneno ya mitaani ya Hong Kong kwa kasi ambayo mfasiri hakuweza kuifuata. Alipoanza kuongoza filamu mwenyewe, ndipo kicheko chake kilipovuka mipaka ya lugha hiyo.

Chow alizaliwa Hong Kong Juni 22, 1962. Mwaka 1982 yeye na rafiki yake, Tony Leung Chiu-wai, waliomba nafasi ya mafunzo ya uigizaji katika kituo cha televisheni cha TVB. Leung alichukuliwa, Chow akakataliwa, ingawa baadaye alipata nafasi katika darasa la jioni. Alitangaza kipindi cha watoto na kupewa vijisehemu vya kupita tu, kikiwamo cha askari katika tamthilia ya mwaka 1983.

Filamu ya Final Justice (1988) ilimpatia tuzo ya Golden Horse ya Taiwan, akiwa mwigizaji msaidizi bora. Miaka miwili baadaye All for the Winner ilivunja rekodi ya mapato Hong Kong kwa kuingiza zaidi ya dola milioni 40 za huko. Mwaka 1992 filamu 5 zilizoongoza kwa mapato mjini humo zote zilikuwa zake.

Mtindo wake uliitwa mo lei tau, yaani mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Ulikuwa mtaji wake, na pia kizuizi chake.

Mwaka 1994 aliongoza From Beijing with Love pamoja na Lee Lik-chi, wakizifanyia mzaha filamu za James Bond. Wawili hao waliendelea na God of Cookery (1996) na King of Comedy (1999). Hii ya mwisho inamhusu mwigizaji wa vijisehemu anayedharauliwa na kila mtu; waliomjua Chow hawakuhitaji kuelezwa ni nani huyo.

Mageuzi yenyewe yalikuja na Shaolin Soccer (2001), ambamo wanafunzi wa kung fu wanacheza kandanda. Kicheko kilitoka kwenye ulimi kikahamia miguuni, na mpira unaowaka moto hauhitaji mkalimani. Mwaka 2002 tuzo za filamu za Hong Kong zilimtambua Chow kuwa mwongozaji bora na mwigizaji bora wa kiume, na filamu hiyo kuwa bora ya mwaka. Kung Fu Hustle (2004) ikaingiza zaidi ya dola milioni 100 za Marekani duniani kote.

Mafanikio hayo yalikuwa na gharama. Baada ya CJ7 (2008), mchekeshaji aliyependwa kwa sura yake aliongoza filamu zilizofuata bila kuigiza ndani yake. Journey to the West (2013) ilipata zaidi ya yuan bilioni 1.2, kisha The Mermaid (2016) ikawa filamu ya kwanza ya Kichina kuvuka yuan bilioni 3.

Mwaka 2019 alirudia kisa cha mwigizaji anayedharauliwa katika The New King of Comedy, safari hii mhusika mkuu akiwa mwanamke. Mapato yake hayakufika hata robo ya yale ya The Mermaid.