Inzi waliogeuza mpangilio: historia ya mdudu mdogo na hali ya hewa

Kila bidoni ya kasiksi inapofunguliwa, na juu ya kila ndizi iliyoiva kupita kiasi, wanafika inzi wadogo sana. Wakaaji wengi wa Kivu wanawafukuza kwa mkono bila kuwatazama mara mbili. Lakini ni wadudu wa jamaa hiyo waliowafundisha wataalamu, kwa karibu miaka mia moja sasa, namna kiumbe anavyobadilika pale joto, baridi au ukavu unapobadilika. Na mtu aliyewafuatilia kuliko wengine alikuwa yeye mwenyewe ameacha kwao, na hakurudi tena.

Theodosius Dobzhansky alizaliwa mwaka wa 1900 mjini Nemyriv, katika nchi ambayo leo ni Ukraine, wakati huo ikiwa chini ya mfalme wa Urusi. Mwishoni mwa mwaka wa 1927 alifika New York, Marekani, kufanya kazi kwa muda katika maabara ya Thomas Hunt Morgan. Ilikuwa arudi nyumbani akimaliza. Nyumbani kukaharibika: chini ya Stalin, wataalamu wa elimu ya urithi walianza kuandamwa, na mmoja wao mkubwa, Nikolai Vavilov, alifia gerezani mwaka wa 1943. Dobzhansky akabaki, akapata uraia wa Marekani mwaka wa 1937, akafa mwaka wa 1975 bila kukanyaga tena ardhi ya Muungano wa Kisovieti.

Katika maabara ya Morgan alimkuta Alfred Sturtevant. Huyo, akiwa bado mwanafunzi, alichora mwaka wa 1913 ramani ya kwanza ya jeni, yaani zile chembe za urithi ambazo mtoto anazipokea kutoka kwa baba na mama. Jeni hazikai ovyo. Zimepangwa kwa mstari juu ya nyuzi ndogo zinazoitwa kromosomu. Mwaka wa 1921 Sturtevant alionyesha kwamba aina mbili za inzi wanaofanana sana zina jeni zilezile, lakini sehemu moja ya mstari, kwa mmoja wao, imekaa kinyume.

Mfano wa barabara unasaidia. Msafiri anayetoka Goma anapita Kibumba, kisha Rugari, kisha Rumangabo, anafika Rutshuru. Tuseme kipande cha katikati kimekatwa pande mbili, kikazungushwa, kikaungwa tena. Sasa kutoka Goma anaanza kukuta Rumangabo, kisha Rugari, kisha Kibumba, halafu Rutshuru. Hakuna kijiji kilichopotea. Utaratibu tu ndio umegeuka. Hiyo ndiyo wataalamu wanaiita mgeuzo wa kromosomu.

Mtu anaweza kuuliza: kama hakuna kilichopotea, kuna ubaya au uzuri gani? Jibu liko kwenye uzazi. Kiumbe anapotengeneza mayai au mbegu, kromosomu alizopata kwa baba na zile za mama zinalala pamoja na kubadilishana vipande. Kwa njia hiyo jeni zinachanganywa kila kizazi. Lakini inzi akiwa na kromosomu moja ya kawaida na nyingine iliyogeuzwa, sehemu hiyo karibu haibadilishani kabisa. Jeni zilizo ndani yake zinabaki pamoja, kama vitu vilivyofungwa kwenye furushi moja. Mwenye kukimbia na furushi anafika na sufuria, blanketi na karatasi za watoto kwa pamoja. Asiye na furushi vitu vinamponyoka njiani kimoja kimoja.

Kazi ilirahisishwa mwaka wa 1933, pale Theophilus Painter wa Texas alipoonyesha kwamba kromosomu za tezi za mate za funza wa inzi ni kubwa ajabu na zina mistari. Mtu akitazama kwa hadubini anaona mgeuzo kwa macho yake. Dobzhansky na Sturtevant wakamchagua inzi wa magharibi ya Marekani, Drosophila pseudoobscura, wakakuta kromosomu yake ya tatu ina migeuzo ya namna nyingi. Wakaipa majina: Standard, Arrowhead, Chiricahua na kadhalika.

Hapa kuna jambo la kumsifia Dobzhansky. Mwanzoni alidhani migeuzo hiyo haina faida wala hasara, imesambaa kwa bahati tu. Kisha akaanza kutega inzi mwezi baada ya mwezi katika milima ya San Jacinto, California. Mahali panapoitwa Piñon Flats, mpangilio wa Standard ulikuwa karibu nusu ya kromosomu zote mwezi wa tatu. Kufika mwezi wa sita ulikuwa umeshuka hadi karibu theluthi moja, na Chiricahua imepanda. Joto la kiangazi lilipozidi, Standard ikapanda tena. Mwaka uliofuata, vilevile. Bahati haina kalenda. Dobzhansky akakubali kwamba alikosea, na mwaka wa 1943 akachapisha hesabu zake.

Ili kuhakikisha, yeye na Sewall Wright walifungia inzi kwenye masanduku yenye vikombe vya chakula. Matokeo yalitoka mwaka wa 1946. Kwenye joto la digrii 25, Standard ilipanda hadi karibu asilimia 70, ikasimama hapo. Kwenye digrii 16.5 hakuna kilichobadilika cha maana. Na sababu ya kusimama bila kufika mia? Inzi aliyebeba namna mbili, moja ya baba na nyingine ya mama, aliishi vizuri kuliko aliyebeba namna moja peke yake. Kwa hiyo hakuna furushi lililoweza kulifukuza lingine kabisa.

Wanaodhani hii ni habari ya Wamarekani na inzi wao waangalie mbu. Mwaka wa 1979 Mario Coluzzi wa Italia na wenzake walionyesha kwamba Anopheles gambiae, mbu anayeleta malaria hapa Kongo pia, ana migeuzo ya namna hiyohiyo. Mmoja, unaoitwa 2La, ni wa kawaida mahali pakavu pa nyika na ni haba kwenye misitu yenye unyevu. Zaidi ya hapo, kaskazini mwa Nigeria, katika vijiji vilevile, mbu wenye migeuzo ya ukavu walikutwa wakipumzika ndani ya nyumba kuliko wenzao. Maana yake dawa inayopulizwa kwenye kuta haiwapati mbu wote kwa kiasi kimoja. Kwa familia inayolala chini ya turubai, ambako hata kuta za kupuliza hakuna, hilo si jambo la vitabuni.

Jaribio kubwa kuliko yote halikupangwa na mtu. Mwezi wa pili mwaka wa 1978, inzi wa Ulaya anayeitwa Drosophila subobscura alionekana mjini Puerto Montt, kusini mwa Chile. Mwaka wa 1982 alionekana Port Townsend, magharibi ya Marekani. Walioingia walikuwa wachache. Kati ya mipangilio zaidi ya 80 iliyoko kwao, walibeba karibu 20 tu. Huko Ulaya migeuzo hubadilika kwa utaratibu kutoka Hispania yenye joto hadi Skandinavia yenye baridi. Katika miaka michache tu ya ugenini, wajukuu wa wale wachache walianza kujipanga vilevile: migeuzo ya joto upande wa joto, ya baridi upande wa baridi.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2006, watafiti, wakiwemo Joan Balanyà na Raymond Huey, walirudi sehemu 26 za Ulaya na za Amerika mbili ambako inzi hao walikuwa wamehesabiwa zamani. Sehemu 22 zilikuwa zimepata joto zaidi. Katika 21 kati ya hizo, migeuzo ya joto ilikuwa imeongezeka, kama vile kila kundi limesogezwa zaidi ya kilomita mia moja kuelekea ikweta, nalo halijatoka mahali pake.

Lakini furushi halichagui. Kwa inzi wa Amerika, mgeuzo unaoitwa O5 umefungwa pamoja na jeni inayoua: mtoto akiipata kwa baba na kwa mama, hafiki utu uzima. Akiipata kwa mmoja tu anaishi bila shida, na ndiyo maana haijaisha mpaka leo. Kifurushi hicho chenye sumu kimekutwa Chile na kimekutwa Marekani, na kutokana nacho watafiti walijua kwamba wahamiaji wa kusini na wale wa kaskazini ni wa ukoo mmoja.