Taya za Watoto wa Mulago

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, Dk. Hugh Trowell wa wodi ya watoto alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt, amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano hivi. Taya zilikuwa zimevimba juu na chini, kulia na kushoto, na meno yamelegea. Majipu hayashiki pembe zote nne za kinywa kwa mpigo. Burkitt hakuwa na jibu. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alichungulia dirishani akamwona mama na binti yake mwenye uso wa namna ileile. Alipompima, akakuta na tumboni kuna uvimbe.

Kisa kimoja angeweza kukisahau. Viwili vilimkosesha raha. Alipopekua mafaili ya Mulago aligundua kwamba uvimbe wa taya, wa figo na wa tumbo, uliokuwa ukiandikwa kama saratani mbalimbali, ulikuwa ukiwapata watoto walewale. Mwaka 1958 alichapisha makala katika jarida la madaktari wa upasuaji la Uingereza, na makala hiyo haikumshtua mtu. Leo ugonjwa huo unaitwa limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe nyeupe za damu, moja ya saratani za binadamu zinazokua kwa kasi kubwa kuliko zote.

Burkitt alikuwa mtu wa Ireland ya Kaskazini, mcha Mungu, mwenye jicho moja. La pili lilipotea utotoni. Kwa ruzuku ya pauni 25 alichapisha vipeperushi vyenye picha za wagonjwa akavituma kwa hospitali za bara zima, akiuliza nani amewahi kuona kitu kama hiki. Majibu aliyabandika kwenye ramani. Kisha, Oktoba 1961, yeye na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, waliingia kwenye gari kuukuu lililonunuliwa kwa pauni 250 wakaelekea kusini, hospitali baada ya hospitali. Walikaa njiani wiki 10 na kusafiri karibu kilomita 16,000. Sijui utafiti mwingine wa saratani uliogharimu kidogo hivyo ukazaa kingi hivyo.

Walichokiona ni kwamba ugonjwa ulikuwa na mipaka. Huku kwetu Afrika Mashariki haukupanda zaidi ya mwinuko wa mita 1,500 hivi. Walipozidi kwenda kusini, mpaka huo ukashuka. Mwinuko wenyewe haukuwa sababu, bali joto na mvua. Alexander Haddow, aliyeongoza taasisi ya utafiti wa virusi Entebbe, alikuwa ameshatumia miaka mingi akisoma habari za mbu, na ramani ile haikumpa shida: palipo na joto na unyevu pana mbu, na penye mbu pana maradhi wanayoyabeba. Ila Zanzibar iliharibu hesabu. Ni kisiwa, ni tambarare, kuna joto na mvua, na uvimbe ule haukuonekana. Tofauti ni kwamba Zanzibar ilikuwa imepigiwa dawa ya kuua mbu katika kampeni dhidi ya malaria. Jambo hilo lilianza kuwafungua watu macho.

Miezi michache kabla ya safari hiyo, mwezi Machi 1961, Burkitt alitoa mhadhara London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwa Anthony Epstein, mtafiti aliyekuwa akichunguza virusi vinavyowapa kuku saratani. Alitoka pale ameshaamua kazi atakayoifanya. Vipande vya uvimbe vikaanza kupandishwa ndege Kampala kwenda London, na kwa zaidi ya miaka miwili havikumpa chochote. Tarehe 5 Desemba 1963 ukungu ulifunga uwanja wa London na ndege ikatua Manchester. Kifurushi kilipomfikia mwishowe, maji yaliyozunguka kipande yalikuwa yamechafuka. Wengi wangeyamwaga wakidhani yameoza. Epstein aliweka tone chini ya darubini akakuta seli hai zinaelea, ambazo hatimaye ziliweza kukuzwa maabara. Mwanzoni mwa 1964, yeye na Bert Achong, aliyezaliwa Trinidad, pamoja na Yvonne Barr, walionyesha ndani ya seli hizo virusi ambavyo havikujulikana. Vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Virusi hivyo karibu kila mtu mzima duniani anavyo, na wengi hawapati lolote. Lazima pawe na jambo la pili, na vidole vyote vilielekezwa kwenye malaria. West Nile, Uganda, katika miaka ya 1970 watoto wapatao 42,000 walitolewa damu na kufuatiliwa ili kuchunguza nafasi ya virusi vyenyewe, na kule North Mara, Tanzania, kati ya 1977 na 1982 watoto waligawiwa klorokwini ili ionekane kama malaria ikipungua uvimbe nao utapungua. Ulipungua kweli, lakini kupungua kwenyewe kulikuwa kumeanza kabla ya dawa kugawiwa, kisha vimelea vikaizoea klorokwini. Jaribio likabaki njia panda.

Kwenye tiba, umaskini ulilazimisha ugunduzi. Kukata hakukusaidia, uvimbe ulirudi. Mashine za mionzi hazikuwepo. Zilibaki dawa, wakati huo zikidharauliwa na mabingwa wengi wa Ulaya kama kitu cha kuahirisha kifo. Madaktari wa Marekani walileta methotreksati Kampala na Nairobi, baadaye siklofosfamidi. Wapo watoto waliopewa dozi moja, wazazi wakawachukua nyumbani kabla ya matibabu kuisha, na waliporudi miezi mingi baadaye uso ulikuwa safi. Saratani kuponywa kwa dawa peke yake lilikuwa jambo ambalo watu walilazimika kuliona ndipo waamini.

Dawa kali huua pia uloto wa mifupa, kiwanda cha damu, hivyo ilibidi itafutwe njia ya kuurudisha. Katika mji mdogo wa Cooperstown, Marekani, daktari E. Donnall Thomas alikuwa ameandika mwaka 1957 juu ya wagonjwa sita aliowapa mionzi na dawa, kisha akawatilia uloto wa watu wengine kwenye mshipa. Hakuna aliyefikisha siku 100. Na mwaka 1961 yalitoka majaribio ya Nairobi: Peter Clifford, bingwa wa masikio, pua na koo, pamoja na R. A. Clift na J. K. Duff, waliandika katika jarida la Lancet jinsi walivyotoa uloto wa mgonjwa, wakampa dawa kali ya jamii ya gesi ya haradali, kisha wakamrudishia uloto wake mwenyewe. Vitabu vingi vya historia ya upandikizaji hutaja Cooperstown, vikaipita Nairobi bila hata kupunguza mwendo. Clift alikwenda Seattle akajiunga na Thomas, aliyekuwa amehamia huko. Jina lake ni la tatu katika makala kubwa ya 1975 iliyoutambulisha upandikizaji wa uloto kama tiba. Mwaka 1977 kikundi hicho kilitangaza kwamba kati ya wagonjwa 100 wa lukemia iliyoshindikana, 13 walikuwa wazima. Thomas alipata Tuzo ya Nobel 1990.

Kampala nako, 1967 kilifunguliwa kituo cha kutibu limfoma ndani ya Mulago, kikiongozwa na Mmarekani John Ziegler. Ndicho mwanzo wa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Enzi ya Idi Amin Wamarekani waliondoka, kazi akaachiwa Charles Olweny, Mganda wa kwanza kuiongoza, baadaye Edward Katongole-Mbidde, kwa miaka ambayo hata kupata dawa ilikuwa kazi. Ziegler alirudi Marekani, na mwaka 1978 alikuwa mmoja wa walioripoti kwamba uloto wa mgonjwa wa limfoma unaweza kugandishwa, ukahifadhiwa, ukarudishwa mwilini na kuota.

Mwaka 2015 kituo cha Seattle alichofanyia kazi Thomas kilifungua jengo jipya Kampala pamoja na taasisi hiyo. Watoto wenye taya zilizovimba bado wanafika, wengi wamechelewa, baadhi wameshang'olewa meno. Ulaya na Marekani takriban tisa kati ya kumi wanapona. Kwetu ni wachache zaidi, na tatizo si kukosekana kwa maarifa.

Kuhusu uloto, nchini Tanzania Hospitali ya Muhimbili wameanza kuwarudishia wagonjwa seli shina zao wenyewe, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, wanawatibu watoto wa selimundu kwa uloto wa ndugu zao. Kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana na mgonjwa. Rejista za kimataifa za wachangiaji zina Waafrika wachache mno, hivyo kwa sasa familia yenye watoto wengi ndiyo yenye matumaini makubwa zaidi ya kumpata mchangiaji.